Kabla ya kung'arisha gereji, ulizeni maji yanatoka wapi

Gereji za Nyalukemba, hapa Bukavu, si za gari peke yake. Kwenye parsele za Muhumba na Nguba, ambako nyumba za enzi ya Costermansville, jina la kikoloni la mji huu, zimebanwa na maghorofa mapya, chumba hicho hubeba jenereta kwa saa ambazo umeme wa SNEL haupo, madumu ya mazutu, magunia ya makala, baiskeli za watoto, na mara nyingine duka dogo lililofunguliwa mlango upande wa barabara. Sakafu yake hunywa mafuta, hutoa vumbi la simenti kila ikifagiwa, na wakati wa mvua huvikwa potopoto jekundu linaloletwa na matairi. Mwenye nyumba akionyeshwa picha ya sakafu ya epoksi, laini, isiyo na kiungo, inayofutwa kwa kitambaa, lazima moyo umdunde. Silaumu tamaa hiyo. Ninachosema ni kwamba katika mtaa uliolala kwenye mteremko kama huu, anayenunua epoksi kabla ya kujua maji ya udongo wake yanapita wapi ananunua malengelenge. Pesa ya kwanza iende kwenye maji, ya pili kwenye kusaga zege, rangi ije mwisho. Na vipimo vikikataa, isije kabisa.

Epoksi si rangi kwa maana ile ya ndoo na brashi. Aliyewahi kununua gundi ya Araldite anaijua tayari: mirija miwili, unachanganya, unabana, unangoja. Mkemia Mswisi Pierre Castan aliifikia katika miaka ya 1930 akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia, na kampuni ya Ciba ikaitoa sokoni kama gundi mwaka 1946. Ya sakafuni ni ya ukoo huohuo, rezini upande mmoja na kigumishi upande wa pili. Rangi ya kawaida hukauka kwa kupoteza maji au kiyeyusho chake. Epoksi haingoji kukauka, inashikana yenyewe kwa yenyewe. Ikishachanganywa fundi ana nusu saa hivi, pengine pungufu, kabla haijaanza kuganda ndooni, na kipimo cha mchanganyiko hakikadiriwi kwa jicho. Kigumishi kikipungua, sakafu inabaki inanata. Kikizidi, vilevile haipati nguvu yake. Kwa hiyo debe lililofunguliwa na kuuzwa kwa lita katika chupa za maji, bila karatasi ya maelekezo, limeshaharibika kibiashara hata kama lilitoka kiwandani likiwa zuri sana.

Sifa yake kubwa ni kushika kwa nguvu na kutopitisha kitu, na hapo ndipo shida yetu inapoanzia. Zege linaonekana kavu na gumu, lakini limejaa vinyweleo vyembamba vinavyovuta maji kutoka ardhini na kuyatoa juu kama mvuke. Sakafu ikiwa tupu hakuna anayeona chochote, kwa sababu mvuke unaondoka zake. Ikifunikwa na tabaka lisilopitisha kitu, unyevu unakwama chini yake pamoja na alkali na chumvi za simenti, unazidi kuvuta maji mengine, unasukuma. Baada ya miezi, pengine baada ya mwaka, uso uliong'aa unatoka malengelenge. Ukilitoboa moja kwa msumari, mara nyingi hutoka maji mazito yenye utelezi, na chini yake utakuta zege limelowa, halina hata alama ya gundi. Muuzaji atasema rangi ilikuwa mbovu, au fundi hakujua kazi. Huenda rangi ilikuwa nzuri na fundi alipaka kwa ustadi wote. Wote wawili walikuwa wanafanya kazi juu ya chemchemi.

Sasa tazama Nyalukemba ilivyokaa. Bukavu iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, mvua zake huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na udongo wake mwekundu ni mfinyanzi uliotokana na miamba ya volkeno kuoza, udongo unaoshika maji na kuyaachilia polepole. Maji yanayonyesha juu hutafuta Ziwa Kivu, na njia yao ni chini ya parsele zetu. Gereji nyingi zimechimbwa ndani ya kilima ili gari liingie kutoka barabarani, kiasi kwamba ukuta wa nyuma ndio unaozuia udongo wa jirani wa juu. Ukuta huo usipowekewa mawe ya kuchuja nyuma yake na bomba la kutolea maji mguuni pake, maji yatapita chini na kuibukia sakafuni. Karatasi ya plastiki ambayo leo hutandazwa chini ya zege kuzuia unyevu ni jambo la juzi: polietilini yenyewe iligunduliwa Uingereza mwaka 1933, na mtindo wa kuitandaza chini ya sakafu ulienea baada ya vita vya pili. Nyumba ya miaka ya 1930 haiwezi kuwa nayo. Ila msikimbilie kusema nyumba mpya ni salama zaidi. Sakafu ya zamani iliyomwagwa juu ya tabaka nene la mawe yaliyopangwa inaweza kuwa kavu kuliko ya mwaka jana iliyomwagwa juu ya mfinyanzi uliokanyagwa kwa miguu, kwa sababu maji hayapandi kirahisi kupitia mapengo ya mawe. Umri wa nyumba hautoi jibu. Kipimo ndicho kinachotoa.

Na kipimo cha kwanza ni rahisi mno, tena hakihitaji mtaalamu. Chukua kipande cha plastiki angavu cha sentimita 45 kwa 45, kibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne bila kuacha upenyo, kiache usiku kucha, saa 16 au zaidi. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, au zege chini yake limegeuka jeusi kuliko pembeni, maji yanapanda. Fundi mzuri ataweka vipande kadhaa: kimoja karibu na ukuta wa nyuma, kimoja katikati, kimoja mlangoni. Kisha ataleta kifaa cha kupima unyevu ndani ya zege, kwa kuwa watengenezaji wengi wa epoksi hawataki uzidi asilimia 4 ya uzito. Lakini kuna mtego wa kalenda ambao karatasi za maelekezo, zilizoandikwa kwa ajili ya Ulaya, hazitutajii. Kazi hizi hupendwa kiangazi, Juni hadi Agosti, wakati barabara hazina matope na mwenye nyumba anafanya marekebisho. Kipimo cha Julai kitasema sakafu ni kavu, nacho hakidanganyi: Julai sakafu ni kavu kweli. Septemba itafika, Oktoba itafika, kilima kitajaa, na ndipo mtihani wenyewe utaanza, rangi ikiwa imeshalipwa. Ushauri wangu ni kupima Aprili na kupaka Julai. Anayeambiwa na fundi kwamba yote mawili yatamalizika ndani ya wiki moja ya kiangazi, ajue amepewa nusu ya huduma.

Maji hayatoki chini tu. Yapo hewani pia, na hapa ziwa lina sauti yake. Kanuni inayoandikwa karibu katika kila karatasi ya epoksi ni kwamba sakafu iwe na joto lisilopungua nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Tuseme hewa ina nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 80, hali ambayo Bukavu si ngeni hata kidogo. Umande huanza kutua kwenye kitu chenye nyuzi 16 na nusu hivi. Maana yake sakafu inatakiwa ifike 19 na nusu. Gereji iliyozama kilimani, isiyoguswa na jua, asubuhi inaweza kuwa na nyuzi 18 tu. Ukipaka saa mbili asubuhi kwa sababu mafundi wamewahi, unyevu utatua juu ya epoksi ikiwa bado mbichi, kigumishi kitauchukua pamoja na kaboni dioksidi ya hewani, na uso utabaki na ukungu mweupe unaonata ambao tabaka la pili halitaushika. Saa za kazi hapo ni kuanzia saa nne hadi saa tisa, mlango ukiwa wazi, kipimajoto kikiwa sakafuni na si ukutani. Fundi asiye na kipimajoto anabahatisha.

Baada ya maji ni zege lenyewe. Epoksi hushika kile inachokuta, na inachokuta juu ya sakafu nyingi ni ganda jepesi la simenti iliyopanda wakati wa kumwaga, lenye vumbi na dhaifu. Watengenezaji hutaka uso uvumilie mvuto wa angalau nyutoni 1.5 kwa kila milimita mraba, yaani kilo 15 hivi kwa eneo la kucha ya kidole, kabla ya kupaka chochote. Ganda lile halivumilii. Tairi lililotoka safari likiwa moto hulegeza tabaka na kunatana nalo. Kesho yake gari likiondoka, linaondoka na rangi pamoja na ganda. Dawa yake ni kusaga kwa mashine yenye meno ya almasi hadi uso uwe kama msasa, na kufyonza vumbi lote. Wengine hupendelea kumwaga asidi kwa kuwa ni nafuu na haina kelele. Mimi naipinga kwa Nyalukemba. Asidi haiondoi mafuta yaliyokwisha zama, hulowesha zege ambalo tulikuwa tunalikausha, huacha chumvi isiposuuzwa sana, na yale maji ya kusuuza yanakwenda mtaroni, kisha ziwani, ambako kuna watu wanaochota. Mashine nayo ina matatizo yake: inataka umeme usioyumba, na vumbi lake lina silika inayoharibu mapafu, kwa hiyo bila mashine ya kufyonza na barakoa ya kweli ni kumwonea kijana wa kazi. Kuhusu madoa ya mafuta, tone la maji linatosha kuyaumbua. Dondosha moja pale jenereta ilipokuwa inakaa. Likizama ndani ya dakika, vinyweleo viko wazi; likikaa juu limejikunja, saga tena.

Nyufa zinahitaji neno lake. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lenye ukubwa wa 5.9, liliacha alama katika kuta na sakafu nyingi za mji huu, na hata bila tetemeko, sehemu za Bukavu ziko juu ya ardhi inayoteleza polepole. Ufa uliotulia hujazwa na kufunikwa. Ufa unaotembea hufunikwa leo ukajitokeza keshokutwa, ukipita katikati ya rangi kama haukuwahi kuzibwa. Kuutambua hakuhitaji vifaa: chora mstari mfupi wa penseli kukatiza ufa, andika tarehe pembeni, urudi baada ya miezi mitatu ya mvua. Vipande viwili vya mstari vikiachana, tatizo si la sakafu, na fundi wa epoksi si mtu wa kuitwa kwanza.

Nimeshasikia hoja kwamba haya yote ni kuzungusha, tuweke karo tu na yaishe. Karo zina heshima yake sebuleni. Gereji ni mahali pa jeki, pa tairi zito linalogeuka papo kwa papo, pa spana inayoanguka. Karo iliyowekwa juu ya simenti yenye mapengo hupasuka pembe, na ile laini inateleza vibaya ikilowa. Hoja iliyo na uzito zaidi ni ya niru: kwa nini tusilainishe simenti vizuri kama walivyofanya wazee? Hapo nakubali, tena kwa furaha. Kwa gereji ambayo plastiki imetoa matone, niru iliyopigwa vizuri na kumwagiliwa maji kwa siku za kutosha, ikaongezwa dawa ya silika inayoingia ndani ya zege na kuligumisha, itapunguza vumbi na kuacha mvuke upite. Haing'ai kama kwenye picha na haizuii mafuta kwa muda mrefu, lakini haitoki malengelenge. Epoksi inastahili gharama yake pale ambapo zege ni kavu na mafuta ni mengi: chini ya jenereta, katika gereji inayotumika kutengeneza pikipiki, katika stoo inayohitaji kufutwa kila siku. Hata hapo inyunyiziwe mchanga safi wa kwatzi kati ya matabaka, maana potopoto juu ya epoksi tupu ni ajali inayosubiri mama mwenye ndoo. Na kifuniko kinachopigwa na jua mlangoni kiwe cha aina nyingine, kwa kuwa epoksi hugeuka njano juani.

Kuna pingamizi ambalo si la kiufundi, na ndilo linalouma. Nani anafikiria sakafu ya gereji Bukavu, baada ya mji kuingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, benki zikafunga milango, na huku Kadutu mvua ikiendelea kuzoa nyumba za watu? Swali ni la haki. Lakini linaunga mkono ninachosema. Fedha zikiwa haba, kosa la dola mia kadhaa halirekebishiki, kwa hiyo huu ndio wakati mbaya kuliko wote wa kununua mng'ao. Tena, kazi ninayoitaka iwe ya kwanza haimnufaishi tajiri wa Muhumba peke yake. Mfereji wa paa unaopelekwa kwenye mtaro badala ya kumwagwa ukutani, bomba la kuchuja nyuma ya ukuta wa gereji, mtaro wa barabara uliozibuliwa taka, vyote hivyo hupunguza maji yanayomwangukia jirani wa chini. Mwenye parsele ya juu anayepaka epoksi huku bomba lake likimwaga kilimani ameihamishia hasara yake nyumba ya pili. Mtaa wetu ungepata faida kubwa zaidi kama kila aliyetenga pesa za sakafu angetumia robo yake nje ya gereji kabla ya kuingia ndani.

Mafundi nao wasisahaulike. Epoksi mbichi ni kati ya vitu vinavyojulikana sana kwa kuharibu ngozi ya wafanyakazi: mtu anaigusa leo bila dalili, anaigusa tena na tena, siku moja mwili unaikataa, na tangu hapo tone dogo linatosha kumvimbisha mikono. Mzio huo hauponi. Kijana anayechanganya kwa mikono mitupu kwa malipo ya kutwa anaweza kupoteza ufundi wake wote kwa ajili ya gereji ya mtu mwingine. Glavu za nitraili, siyo za mpira mwembamba wa hospitali, ziandikwe kwenye hesabu ya kazi kama simenti inavyoandikwa. INPP, ambayo kazi yake ni kufundisha ufundi, ingefanya jema kuingiza somo la kupima unyevu na kuandaa zege kwa waashi. Ni mafunzo ya siku chache, na yanafaa hata kwa asiyewahi kushika debe la epoksi, kwa sababu unyevu huohuo huharibu rangi za kuta, milango na karo.

Linabaki suala la malipo, na hapa ndipo naona ugonjwa wenyewe. Kwa kawaida kupima ni bure na kupaka ndiko kunakolipwa. Kipimo kikiwa bure na rangi ikiwa mkate wa fundi, kipimo kitafaulu daima. Mwenye nyumba amlipe mtu wa kupima kwa siku yake, malipo yaleyale kama jibu ni ndiyo au hapana, na ikiwezekana asiwe yule atakayepaka. Kisha mkataba uandikwe: matokeo ya plastiki na tarehe yake, njia ya kusaga, jina la bidhaa na namba ya toleo kama ilivyo kwenye debe lililofunguliwa mbele ya mteja, idadi ya matabaka. Sehemu ya ujira ibaki hadi mwisho wa Novemba, wakati mvua za kwanza zimeshapita chini ya sakafu. Mafundi watalalamika kwamba hawawezi kungoja miezi minne, na wana haki kama kinachozuiliwa ni pesa za vifaa na posho za vijana. Hizo zilipwe siku ya kazi. Kinachongoja mvua ni faida peke yake, na fundi anayepaka sakafu iliyopimwa Aprili hana sababu ya kuiogopa Oktoba.